Barua 6,000 na mashine ya posta: anza na orodha, bahasha itafuata

Swali: Habari za kazi, kaka. Mimi ni katibu wa umoja wa Waafrika Mashariki hapa Columbus, Ohio. Katikati ya Novemba tunataka kutuma barua 6,000 za kuomba michango ya madawati. Tumebuni bahasha ya mraba, inchi 6 kwa 6, yenye pindo la kanga pande zote na jina la kanga chini ya anwani, na ndani tunaweka kibangili cha shanga. Mwenye kiwanda cha uchapaji anasema mashine ya posta itaikataa na bei itapanda. Mashine inataka nini hasa? Na orodha yetu ya Excel, ya miaka kumi, inatosha?

Jibu: Nzuri, dada, na asante kwa kuuliza kabla ya kuchapa. Wengi hunipigia simu maboksi ya bahasha yakiwa tayari sebuleni, na hapo ninachobaki nacho ni kuwapa pole.

Nitaanza na orodha, ingawa umeiuliza mwisho. Nimefanya kazi miaka mingi kwenye karakana ya kuandaa barua za jumla hapa Marekani, na fedha nilizoona zikipotea kwa bahasha mbaya ni kidogo mno ukizipima na zilizopotea kwa anwani mbovu. Bahasha mbaya inakataliwa dirishani mbele ya macho yako. Anwani mbovu inapokelewa, inalipiwa, inasafiri, kisha inaishia kwenye karatasi taka bila wewe kupata habari. Miaka inakwenda mnailipia barua ileile kwa mtu yuleyule aliyehama zamani.

Lishike hili kwanza: punguzo la posta ni ujira. Umeifanyia posta kazi ambayo ingeifanya yenyewe, yaani umehakiki anwani, umechapa msimbopau, umepanga barua kwa namba za ZIP, yaani namba za posta za kila eneo, na kuziweka kwenye trei. Ukileta kazi nusu, unalipwa nusu.

Mashine inayochambua barua zenye msimbopau hupitisha hadi barua 36,000 kwa saa, kumi kwa kila sekunde. Mzigo wenu wote ni dakika kumi. Barua hupita imesimama kwa ukingo wake mrefu, imebanwa katikati ya mikanda, kamera inaipiga jicho mara moja, na papo hapo inaelekezwa kwenye kichumba chake. Barua isiyo na msimbopau hubidi mashine iisome anwani yenyewe. Ikishindwa, picha yake hupelekwa kwa mtu aliyekaa mbele ya skrini Salt Lake City, Utah, naye anachapa anachokiona. Mwaka 1997 vituo vya watu hao vilikuwa 55 nchi nzima. Barua zenu hazitakiwi kufika huko hata moja.

Msimbopau wenyewe ni ile michirizi unayoiona kwenye barua za benki. Ihesabu siku moja: ni 65, haizidi wala haipungui. Mchirizi unaweza kuwa mrefu juu na chini, mrefu kwenda juu tu, mrefu kwenda chini tu, au kibutu cha katikati. Kwa maumbo hayo manne zinafichwa tarakimu 31. Ishirini za mwanzo zinasema aina ya huduma, nani mtumaji, na barua hii ni ya ngapi katika mzigo wake. Kumi na moja zilizobaki zinasema inakwenda wapi: tano ni za ZIP, iliyoanza Julai 1, 1963; nne zikaongezwa mwaka 1983 kuonyesha kipande cha mtaa au jengo; na mbili za mwisho kwa kawaida ni tarakimu mbili za mwisho za namba ya nyumba. Nyumba namba 1427 inakuwa 27. Kwa hizo 11 mashine inampangia tarishi barua kwa mfuatano wa milango atakayoipita asubuhi. Michirizi ya zamani, iliyokuwa mirefu na mifupi tu, haikupi tena bei nafuu ya mashine tangu Januari 2013, kwa hiyo mtu akikuuzia programu ya zamani, mshukuru na umrudishie.

Tarakimu hizo 11 hamzipati kwa kubuni. Zinatoka kwenye programu yenye cheti cha CASS cha posta, inayochukua kila mstari wa orodha yenu na kuulinganisha na kumbukumbu za posta. Na hapa ndipo orodha ya miaka kumi inapoumbuka.

Fungua Excel yako, nenda safu ya ZIP, uipange kuanzia ndogo. Kama juu kabisa kuna namba zenye tarakimu nne, Excel imemeza sifuri. Ndugu zetu Wakongo walioko Portland, Maine, wako 04101, na Excel ikiachiwa itaandika 4101. New Jersey, Connecticut na Massachusetts nazo zinaanza na sifuri. Igeuze safu nzima iwe maandishi, si namba, kisha zirudishe sifuri zao.

Baada ya hapo tafuta anwani zenye sanduku na mtaa kwa pamoja. Hii tumetoka nayo nyumbani. Sisi tumekulia kwenye S.L.P.: barua inafika posta, unakwenda na ufunguo wako, na mtaa ukiuandika ni wa kumsaidia mgeni tu. Kwa hiyo watu wetu wakijaza fomu ya umoja huandika vyote viwili, wakiamini kuwa kuzidisha maelezo ni kusaidia. Posta ya Marekani inapeleka barua kwa kilichoandikwa kwenye mstari ulio juu tu ya mstari wa mji na ZIP. Kama hapo pana sanduku, itakwenda sandukuni. Kama pana nyumba, itakwenda nyumbani. ZIP nayo lazima iwe ya kile ulichokichagua, maana masanduku mengi yana ZIP yao tofauti na ya mtaa. Chagueni kimoja kwa kila mtu, kingine mkifute.

Kinachoumiza zaidi orodha za watu wetu ni namba ya fleti. Programu ikimaliza kuhakiki, inakuandikia herufi moja kwa kila anwani. Y maana yake imethibitika. N, mahali hapo hapapo kwenye kumbukumbu. S, namba ya fleti uliyoandika haijulikani kwenye jengo hilo. D, jengo linajulikana ila namba ya fleti imekosekana. Orodha ya Wamarekani wenye nyumba zao ina D chache. Orodha ya watu wanaoanza maisha, wanaokaa kwenye majengo ya fleti, D zinajaa. Na D ni hatari kwa sababu inafanana na anwani nzima: mashine inaichukua vizuri tu, inaipeleka hadi kwenye jengo, halafu tarishi anasimama mbele ya ukuta wa visanduku mia vya chuma akiwa na barua isiyo na namba. Akimjua mwenye jina, ni bahati yenu. Hizo D na S zisitumwe hovyo; ni za kupigiwa simu, moja moja.

Kisha kuna waliohama. Posta inataka orodha iwe imelinganishwa na kumbukumbu za waliohama ndani ya siku 95 kabla ya kutuma, na bila hivyo bei nafuu ya barua za jumla huipati. Mkitaka kutuma Novemba 15, mlinganisho wa kabla ya Agosti 12 haufai. Kumbukumbu hizo zinaitwa NCOALink, zina taarifa za miezi 48 ya watu waliojaza fomu ya kuhama, kiasi cha rekodi milioni 160. Miezi 48 ni miaka minne. Aliyehama miaka saba iliyopita, hata kama alijaza fomu vizuri, hamtampata humo.

Tena NCOALink inalinganisha jina pamoja na anwani, na hapa majina yetu yanatuponza. Mtu alijaza fomu ya posta kwa jina lililo kwenye leseni yake ya udereva. Kwenu kaandikwa Mama fulani, au jina la baba limetangulia, au majina matatu yamebanwa kwenye chumba kimoja, au herufi zimeandikwa jinsi zinavyotamkwa. Kompyuta haioni kuwa Mama Asha ndiye yule mwenye leseni, kwa hiyo inasema hajahama. Gawanyeni safu: jina la kwanza peke yake, jina la mwisho peke yake, yote kama yalivyo kwenye kitambulisho. Jina la heshima mliweke safu nyingine, mtalitumia ndani ya barua pale mnapomsalimu. Ni kazi ya jioni nyingi, najua, lakini hakuna kampuni ya kuwafanyia, kwa sababu hakuna anayewajua watu hao kama ninyi.

Orodha ikishasafishwa, msiitume yote kwa daraja moja. Barua za matangazo na michango zina daraja lao la bei ya chini, linaloanzia vipande 200 au pauni 50 za uzito. Barua ya daraja hilo isipomkuta mtu, na kama bahasha haina maelekezo, haipelekwi alikohamia wala hairudi, inatupwa. Daraja la Kwanza kwa bei ya jumla linaanzia vipande 500, ni ghali zaidi, lakini asiyepatikana barua yake inarudi kwenu bila malipo ya ziada, na aliyehama karibuni hupelekewa hadi miezi 12. Mimi ningegawa hivi: waliochangia au kujibu ndani ya miaka miwili, daraja la bei ya chini. Wengine wote waliokaa kimya, Daraja la Kwanza mwaka huu, mara hii moja tu. Zitakaporudi, na zitarudi nyingi, mtazifuta, na mwaka ujao mtakuwa na orodha fupi ya watu wa kweli.

Wengine watawaambia mchape "RETURN SERVICE REQUESTED" kwenye barua za bei ya chini ili zirudi. Zitarudi, ila kila moja mtailipia kwa bei ya barua moja ya Daraja la Kwanza. Kwa orodha safi ni sawa. Kwa orodha ya miaka kumi ni kujichimbia shimo.

Na kabla sijasahau: kama umoja wenu umesajiliwa kama shirika lisilo la faida, bei nafuu zaidi ya mashirika hayo haiji yenyewe kwa kuwa mamlaka ya kodi imewasamehe. Posta ina idhini yake, inaombwa kwa fomu namba 3624. Ombeni sasa hivi, msingoje Novemba. Hiyo ni kwa daraja la bei ya chini tu, na jina la umoja lazima lionekane wazi nje ya bahasha au mahali panapoonekana ndani yake.

Sasa bahasha. Mchapishaji wako amesema kweli, na kosa kubwa ni umbo. Gawanya urefu kwa kimo: jibu linatakiwa liwe kati ya 1.3 na 2.5. Inchi 6 kwa 6 ni 1. Barua ya mraba haina ukingo mrefu wa kusimamia. Inaweza kugeuka njiani, na ikigeuka anwani inalala upande na kamera inakuta pindo la kanga. Kimo kiwe kati ya inchi 3½ na 6⅛, urefu kati ya 5 na 11½, na unene usizidi robo inchi. Kama mnapenda sura ya kadi, chukueni ya inchi 5¼ kwa 7¼: 1.38, inapita. Bahasha ya kawaida ya ofisini, inchi 4⅛ kwa 9½, ni 2.30, nayo inapita, na ndiyo ya bei rahisi kuliko zote.

Kibangili kiondoeni. Najua kimetengenezwa na akina mama na kina maana yake, lakini shanga ndani ya bahasha ni uvimbe. Barua inayopindishwa kwenye mikanda inatakiwa ilegee na iwe na unene mmoja mwanzo hadi mwisho. Penye shanga panatokeza, mkanda unapabana, karatasi inachanika, shanga zinamwagika ndani ya mashine, na barua tisa zilizoifuata katika sekunde hiyo zinajirundika nyuma yake. Wekeni picha ya kibangili, na kibangili chenyewe kiwe asante kwa atakayechangia, mkimtumia kama kifurushi.

Kuhusu kanga, sitaki muiache, kwa sababu ndiyo itakayomfanya mtu aifungue. Kanga ina pindo, mji na jina, na kila kimoja kina nafasi yake kwenye bahasha hii. Pindo mlilolizungusha pande zote linapita kona ya chini kulia, na kona hiyo, inchi 4¾ kwa upana na ⅝ ya inchi kwa kimo, haitakiwi kuwa na chochote isipokuwa msimbopau. Basi pindo lishuke upande wa kushoto peke yake, kama kanga iliyokunjwa, na mji wote muuhamishie nyuma ya bahasha, ambako mnaweza kuujaza rangi mnavyotaka.

Jina la kanga ndilo la kuondoka chini ya anwani. Mashine isomayo maandishi huanza mstari wa chini kabisa na kupanda juu, ikitafuta mji, jimbo na ZIP. Ikikuta methali ya Kiswahili hapo, ndiyo itakayochukuliwa kuwa mstari wa mji. Liwekeni juu kushoto, chini ya anwani yenu ya kurudishia, au nyuma. Anwani yenyewe ikae nusu inchi au zaidi kutoka kingo za kushoto na kulia, na mstari wake wa chini usishuke chini ya ⅝ ya inchi wala wa juu kupita inchi 2¾ kutoka ukingo wa chini. Wino mweusi, karatasi nyeupe au ya rangi nyepesi, herufi zilizosimama bila mapambo, kubwa zote, bila nukta wala koma. Mkichapa anwani kwa herufi zinazofanana na mwandiko wa mkono zitapendeza, na nusu yake zitasomwa vibaya.

Kama mtatumia bahasha ya dirisha, ile yenye uwazi unaoonyesha anwani iliyochapwa kwenye karatasi ya ndani, sikiliza lililonipata. Tulikuwa na kazi ya barua elfu kadhaa, kila kitu kimekaguliwa. Siku ya mwisho mteja akatoa kadi ya majibu iliyokuwa imekaa nyuma ya barua, akiona inaongeza gharama. Ile kadi ndiyo iliyokuwa ikiishikilia karatasi isicheze. Dirishani, karani wa posta akachukua bahasha moja, akaigonga mezani kwa ukingo wa kushoto, akaigonga kwa wa kulia, akaigonga kwa wa chini, akanionyesha bila kusema kitu. Karatasi ilikuwa imeteleza chini na nusu ya michirizi imezama chini ya mdomo wa dirisha. Akachukua ya pili, ikawa vilevile. Tulizirudisha zote, tukakesha siku mbili tukizifungua. Tangu siku hiyo sikubali bahasha ya dirisha bila kuigonga mwenyewe pande hizo tatu, na kila nikiigonga napima: angalau sehemu moja ya nane ya inchi kushoto na kulia kwa msimbopau ibaki wazi, na juu na chini kama upana wa milimita moja. Na kilichomo ndani kisibadilishwe baada ya jaribio, hata karatasi moja. Kwenu nisingetumia dirisha. Chapeni anwani moja kwa moja kwenye bahasha.

Kabla ya kuchapa bahasha 6,000, tuma nakala ya mchoro kwa mtaalamu wa posta anayekagua muundo wa barua za biashara. Huduma hiyo ni bure. Atakurudishia mchoro umewekewa alama, na hapo ndipo mpe mchapishaji.

Kupanga kwenye trei sitakuchosha nako. Programu ndiyo inayoamua: zikifika 150 za ZIP moja, zinapata trei yao na bei bora, zilizobaki zinakusanywa kwa eneo, na za mwisho zinachanganywa. Ninyi mna bahati kwamba watu wenu wengi wako Columbus, ZIP zinazoanza na 432, kwa hiyo trei kadhaa zitajaa vizuri. Zikishapangwa, mpangilio usiguswe. Nimeona watu wa kujitolea, kwa nia njema kabisa, wakizipanga upya kwa alfabeti. Kila barua pia iwe na uzito uleule, kwa sababu posta huzihesabu kwa kuzipima. Msiweke kipeperushi kwenye nusu na kuacha nusu. Kwa mara ya kwanza nashauri hatua hii na ya kuchapa michirizi mwape kampuni ya kuandaa barua, ila orodha wapelekeeni ikiwa safi, na mdai warudishe faili lenye herufi za Y, D, S na N. Wengine hawalitoi mpaka liombwe.

Za nje ya nchi zitengeni tangu mwanzo. Mombasa ni 80100, na Marekani namba zinazoanza na 801 ni za Colorado; nchi isipoandikwa, ndugu wa Mombasa anaweza kuonekana mtu wa karibu na Denver. Barua hizo zina bei yake na haziingii kwenye punguzo hili. Mstari wa mwisho uwe jina la nchi peke yake kwa herufi kubwa, na S.L.P. iandikwe P O BOX ili mchambuzi wa huku aielewe.

Kwa hiyo wiki hii usimpigie mchapishaji. Peleka orodha ikahakikiwe, kisha niandikie D ni ngapi. Zikiwa chini ya mia tatu, watu sita wenye simu wanazimaliza ndani ya Jumamosi mbili; zikizidi hapo, tutapunguza barua kabla ya kufikiria bahasha.